Daftari Moja, Mikono Miwili

Ushairi wa Kiswahili haukuzaliwa katika upweke. Ulizaliwa barazani, ngomani, harusini na chomboni, mahali ambapo mtu alisema na mwingine akajibu. Hata hivyo, leo ukimwuliza mshairi kijana daftari lake liko wapi, atalibana kwapani kama barua ya posa. Tumezoea kuamini kwamba utungo hupikwa faraghani, hupakuliwa ukishaiva, na kazi ya mwenzetu ni kula na kusifu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mazoea hayo yanatudhoofisha, na kwamba dawa yake mojawapo ni nyepesi na haina gharama kubwa: daftari moja la michoro na maandishi, mali ya wasanii wawili, linalokwenda na kurudi baina yao ukurasa kwa ukurasa.

Nitazungumzia zaidi mshairi na mchoraji, kwa kuwa ndiyo jozi ninayoijua. Lakini msomaji aliye na rafiki mtunzi wa nyimbo, mchongaji au mshairi mwenziwe anaweza kuyapima maneno haya kwa kipimo chake.

Najua pingamizi la kwanza, maana nimeshalisikia mara nyingi: mafahali wawili hawakai zizi moja. Mshairi ana sauti yake, mchoraji ana jicho lake. Ukiwatia katika jalada moja, mmoja atamezwa. Wanaosema hivyo wanausahau urithi wao wenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hatungemfahamu kama tunavyomfahamu lau hangekuwa na watu wa kujibizana nao. Mashairi yake mengi ni nusu ya mazungumzo. Ameulizwa, amechokozwa au ametishwa, naye anajibu. Kurasa za ushairi katika magazeti yetu ya karne ya ishirini ziliendelea na mtindo huohuo. Mtu wa Tanga aliuliza, wa Ujiji akajibu, wa Lindi akawakosoa wote wawili, na msomaji akanunua toleo lijalo ili ajue nani amezidiwa.

Tena tunayo bahari nzima iliyojengwa juu ya ushirika, nayo ni takhmisi. Mtunzi huchukua mishororo miwili ya mtu mwingine, akaitangulizia mitatu yake yenye vina vinavyooana nayo, na ubeti ukawa na mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Baina ya wawili hao palikuwa na karne kadhaa, kwa hiyo hawakuweza kukaa mkeka mmoja. Lakini walikaa ubeti mmoja. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Liyongo amemezwa, wala kwamba Sayyid Abdalla ameibiwa sauti.

Hebu tuangalie takhmisi inavyofanya kazi, kwa sababu ndani yake mna somo lote la daftari la pamoja. Tuseme mwenzako amekuachia ukurasani mishororo hii miwili, niliyoitunga kwa ajili ya mfano tu:

Ukurasa ni uwanda, kalamu ndiyo jembele,
Wawili wakiupanda, huvuna mavuno tele.

Ni maneno ya furaha, na yana majivuno kidogo. Anayeyasema anaona mavuno tu. Sasa daftari linakufikia wewe, na huna ruhusa ya kufuta hata herufi moja. Unaandika juu yake:

Kitabu tumekipenda, twakijaza polepole,
Changu nawe ukilinda, nami chako vilevile,
Hakutakuwa na donda, wala hasama milele;
Ukurasa ni uwanda, kalamu ndiyo jembele,
Wawili wakiupanda, huvuna mavuno tele.

Mishororo miwili ya mwisho haikuguswa, lakini haisemi tena kilekile. Yale majivuno yamegeuka sharti: tutavuna, ila kwanza tulindiane. Mtunzi wa kwanza akilipokea daftari lake atayakuta maneno yake yote yako salama, na maana yake imehama nyumba. Huo ndio ushirika ninaoutetea, ambao mtu humbadilisha mwenziwe kwa kumwongezea, bila kumfuta.

Mchoro nao unaweza kufanya hivyo, na kwa nguvu kuliko ubeti. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikibadilishana daftari na mchoraji aishiye mji mwingine. Husafiri kwa basi, limefungwa katika mfuko wa plastiki na gazeti kuukuu, na tunalipokea stendi kama watu wanavyopokea samaki au embe. Safari moja niliandika beti tatu juu ya dau lililozama, lenye tanga, wimbi, mayowe na kila kitu. Daftari liliporudi, dau halikuchorwa. Alichora mchanga mtupu wenye mfuo wa kamba, kana kwamba mtu ameiburuta nanga hadi majini asubuhi hiyo na mawimbi hayajaufuta. Nililitazama shairi langu upya. Beti tatu zilikuwa zinazungumzia ajali. Mchoro ulikuwa unazungumzia asubuhi ya kabla ya ajali, ambapo bado kulikuwa na mtu wa kuburuta kamba. Niliandika ubeti wa nne chini ya mchoro, na ubeti huo ndio ninaoupenda kupita yote mitatu. Nisingeupata peke yangu hata ningekesha mwezi mzima.

Hapa ndipo wengi wanaojaribu kazi ya pamoja wanapokwama. Mshairi akiandika juu ya mwezi, mchoraji huchora mwezi. Mchoraji akichora mnazi, mshairi huandika kwamba huu ni mnazi na unayumba. Huo ni mwangwi, na mwangwi hauna habari mpya. Ukitaka kujua picha na maneno vinavyopaswa kukaa pamoja, tazama kanga. Kuna pindo, kuna mji, na kuna jina. Mji unaweza kuwa na korosho, na jina likawa kijembe kwa jirani. Korosho hazikielezi kijembe, wala kijembe hakizielezi korosho, na bado mwanamke anayeichagua kanga huchagua vyote viwili kwa pamoja na huivaa kama neno moja. Wenyeji wa pwani hawakuhitaji nadharia kuambiwa hivyo. Walivaa.

Wala si mgeni kwetu msanii anayeyaunganisha mambo hayo mawili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri. Miswada aliyoinakili kwa mkono wake iliwafikia wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kwake yeye, umbo la herufi na sauti ya mshororo vilikuwa kazi ya kiganja kimoja. Sisi wa leo tumegawana: huyu kajifunza kuchora, yule kajifunza vina na mizani, na kila mmoja anamwona mwenzake kama fundi wa kukodiwa siku ya kutengeneza jalada la diwani. Daftari la pamoja ni njia ya kukirudisha kiganja kile, japo sasa kina vidole kumi.

Ughaibuni pia wamelijaribu jambo hili kwa namna zao. Mwaka 1969 washairi wanne walikutana jijini Paris: Octavio Paz wa Meksiko, Jacques Roubaud wa Ufaransa, Edoardo Sanguineti wa Italia na Charles Tomlinson wa Uingereza. Walitunga pamoja kwa kufuata mfano wa renga, utungo wa Kijapani ambao washairi hupokezana beti, na kila mmoja aliandika kwa lugha yake. Kwa wachoraji, mfano mashuhuri ni Andy Warhol na Jean-Michel Basquiat katika miaka ya 1984 na 1985 huko New York. Warhol mara nyingi alianza kwa kuchora nembo za makampuni, na Basquiat akapaka juu yake, akifunika baadhi ya sehemu na kuziacha nyingine zikichungulia. Walipoonyesha kazi hizo mwaka 1985 wahakiki hawakuzipokea vizuri, na urafiki wao ukapoa.

Nimewataja hawa wa mwisho makusudi, kwa kuwa wanatuonyesha upande wa pili wa sarafu. Kufunika kazi ya mwenzako si dhambi ikiwa mmekubaliana. Rangi hukaa juu ya rangi, na tabaka la chini huendelea kuishi. Neno halina bahati hiyo: mshororo uliopakwa wino haupo. Kwa hiyo daftari la mshairi na mchoraji linahitaji adabu zake, na adabu hizo ziwekwe kabla ya ukurasa wa kwanza kuguswa. Ninapendekeza nne.

Ya kwanza, kifutio kikae nje ya daftari. Ukiona mshororo una mizani kumi na saba, usiusahihishe. Andika pembeni kwa penseli kwamba umehesabu na umepata kumi na saba. Mwenyewe ataamua. Ukiona mchoro una mkono mrefu kupita mguu, huenda mchoraji anajua alichokusudia.

Ya pili, usimweleze mwenzako kwa msomaji. Mchoro usioeleweka uachwe usieleweke. Shairi likijigeuza kuwa maelezo ya picha, vyote viwili hupungua thamani.

Ya tatu, daftari lisilale. Likikaa kwa mtu mmoja zaidi ya wiki mbili huanza kuwa lake, na kila siku inayopita humtia hofu ya kuliharibu. Afadhali lirudi na mshororo mmoja kuliko lisirudi kwa kusubiri utenzi.

Ya nne, kila mkono utie alama na tarehe. Herufi mbili katika pembe ya ukurasa zinatosha. Wapo watakaoona kwamba hilo ni jambo la makarani, na kwamba wasanii wa kweli hawahesabiani. Nawaomba hao wasome aya zinazofuata kwa makini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna daftari, na bado mali inaweza kupotea humohumo. Turudi kwa Muyaka. Tungo zake hazikujikusanya zenyewe. Katika karne ya kumi na tisa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alizikusanya na kuzifafanua, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Ilikuwa kazi ya mikono miwili kwa maana kamili, kwani mmoja alikuwa na kumbukumbu, lugha na ujuzi wa watu na visa vyao, na mwingine alikuwa na njia ya kuihifadhi miswada na kuifikisha mbali. Mwaka 1940 William Hichens alizichapisha tungo hizo kwa jina la Diwani ya Muyaka. Leo mwanafunzi wa ushairi humtaja Muyaka, naye anastahili. Akiendelea zaidi humtaja Taylor na Hichens. Mwalimu Sikujua hutajwa mwisho, akitajwa. Lau si yeye, sehemu kubwa ya kicheko na ukali wa Muyaka ingezikwa pamoja na wazee waliozikumbuka tungo hizo.

Upande wa wachoraji, jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki jijini Dar es Salaam mwaka 1972, limekuwa jina la mtindo mzima. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wameuendeleza kwa miongo mingi, nao wameupanua kwa mambo ambayo mwanzilishi hakuyachora. Mnunuzi anayetoka dukani na picha ya chui au ndege husema amenunua Tingatinga. Ni heshima kubwa kwa marehemu. Ni kivuli kizito pia kwa aliyeketi mchana kutwa akipaka madoa ya yule chui.

Nami nimeonja kipande kidogo cha jambo hilo. Mwandalizi mmoja wa maonyesho aliomba kurasa tano za daftari letu. Siku ya ufunguzi, lebo ukutani zilikuwa na jina la mchoraji peke yake, na chini yake imeandikwa “pamoja na maandishi”. Beti nilizozipima mizani usiku kucha zimekuwa maandishi, kama tangazo la bei. Mchoraji mwenzangu ndiye aliyeziona lebo hizo kwanza, na ndiye aliyezibandua kwa mkono wake akadai ziandikwe upya. Herufi zetu mbilimbili katika pembe za kurasa zilimaliza ubishi kwa dakika chache. Hakuna aliyehitaji kuapa.

Sheria nayo ina neno hapa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unaweka ulinzi wa jumla wa kazi za sanaa kuwa maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Na kwa kazi ya pamoja, hesabu hiyo huanzia kifo cha mtunzi wa mwisho aliyebaki. Lakini je, shairi na mchoro uliomo ukurasa mmoja ni kazi moja, au ni kazi mbili majirani? Zikiwa mbili, kila mwenye yake anaweza kwenda nayo atakako. Zikiwa moja, hakuna anayeweza kuichapisha bila kumwuliza mwenziwe au warithi wake. Swali hilo ni gumu kulijibu mahakamani na ni rahisi kulijibu ukumbini mkiwa bado marafiki. Liandikeni jibu lake kwenye ukurasa wa kwanza: nani atalitunza daftari likijaa, kipi kitachapishwa na kwa majina gani, yupi atangulie kutajwa, na itakuwaje mmoja akitangulia mbele ya haki. Posa hufanyika kabla ya ndoa kwa sababu hiyohiyo.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na karatasi ilhali kila mtu ana simu, na shairi linaweza kuvuka bahari kabla chai haijapoa. Simu naipenda, na kwa majibizano ya haraka haina mfano. Lakini maandishi ya simuni hujisahihisha na kuficha nyayo zake. Karatasi hutunza kusita, neno lililokatwa, mstari wa penseli uliokuwa uwe mnazi ukaishia kuwa mlingoti, doa la chai. Mwenzako hukuona ukifikiri, na hapo ndipo anapopata pa kuingilia. Kazi iliyokamilika na kung’arishwa haina mlango.

Pia nakiri kwamba si kila utungo unafaa kugawanwa. Kuna msiba ambao mtu huutungia peke yake, na kuna dua ambayo haina haja ya pambo. Malenga ana haki ya kuwa na daftari la pili ambalo hakuna atakayelifunua. Hata wapishi hodari wanaoshirikiana jikoni harusini, kila mmoja ana chungu chake kidogo kwao. Ninachokipinga ni kuwa na chungu hicho tu maisha yote, kisha tukashangaa kwamba mashairi yetu yamefanana ladha.

Kwa hiyo malenga wenzangu, nawaachia kazi. Tafuteni mtu mmoja ambaye sanaa yake mnaiheshimu na ambaye si mwepesi wa kusifu. Msinunue kaunta buku, maana karatasi yake ni nyepesi. Wino hupenya upande wa pili na rangi ya maji huikunja kama bagia. Nunueni kitabu cha michoro chenye karatasi nzito isiyo na mistari, japo mshairi ataona aibu mwandiko wake ukipanda mlima. Andikeni masharti yenu ukurasa wa kwanza na mtie sahihi wote wawili. Kisha mmoja aanze, aandike mshororo mmoja au achore mstari mmoja, alifunge daftari, alipeleke stendi.

Kitakachorudi hakitakuwa mlichokitarajia. Kisomeni mara mbili kabla ya kukijibu.